Mtoto Amelalaje Tumboni? Kuelewa Mkao wa Mtoto Katika Wiki za Mwisho za Ujauzito

Mama mjamzito anayeambiwa kliniki kwamba mtoto wake amekaa vibaya hupewa taarifa moja ambayo ndani yake mna hali kadhaa zisizolingana kabisa. Huenda mtoto ametanguliza matako badala ya kichwa. Huenda amekingama, yaani kichwa kiko ubavu mmoja wa mama na matako ubavu wa pili. Huenda kichwa kiko chini kama inavyotakiwa, lakini uso umeelekea tumbo la mama badala ya mgongo wake. Au huenda mimba ina wiki 30 tu, na mtoto bado ana nafasi ya kuzunguka apendavyo. Hali ya kwanza ina njia zake za kushughulikiwa, ya pili ni hatari kubwa endapo uchungu utaanza, ya tatu mara nyingi hujirekebisha yenyewe wakati wa kujifungua, na ya nne si tatizo hata kidogo. Mama anayerudi nyumbani bila kujua ipi kati ya hizo ndiyo yake huenda akakosa usingizi kwa jambo dogo au akalichukulia kwa wepesi jambo zito, na ndiyo maana inafaa kuzitenganisha hali hizi moja baada ya nyingine.

Mkunga anapoweka mikono juu ya tumbo la mama hutafuta majibu ya maswali manne. Kwanza hutaka kujua mlalo: je, uti wa mgongo wa mtoto unafuata urefu wa mji wa mimba, umekingama, au umelala mshazari? Pili hutafuta sehemu ya mwili iliyotangulia kuelekea njia ya uzazi, iwe kichwa, matako, miguu au bega. Tatu huangalia mwelekeo, yaani kisogo cha mtoto, au matako kama ndiyo yaliyotangulia, kinatazama upande gani wa nyonga za mama: mbele, nyuma, kulia au kushoto. Swali la nne, ambalo kina mama wengi hawalisikii kabisa, ni namna mtoto alivyokunja shingo yake, na hili linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini mengine yote yana umuhimu.

Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi hakina kipimo kimoja. Mtoto akikunja shingo hadi kidevu kikagusa kifua, sehemu inayoingia kwanza katika nyonga ni utosi wa nyuma, na upana wake huwa kama sentimita 9.5. Akinyoosha shingo kidogo kana kwamba anatazama mbele, kipimo kinachopaswa kupita hufika takriban sentimita 11.5. Akiinua uso hadi paji likawa ndilo linalotangulia, kipimo hupanda hadi kama sentimita 13.5, na kichwa cha ukubwa wa kawaida kikiwa katika mkao huo hakipiti. Mtoto ni yuleyule, uzito ni uleule, na nyonga za mama hazijabadilika. Kilichobadilika ni pembe ya shingo peke yake. Ni kama mtu anayevaa nguo yenye shingo nyembamba, ambaye huinamisha kichwa ili utosi upite kwanza, maana akijaribu kuipitisha usoni itakwama.

Nyonga nazo si tundu lenye upana sawa kuanzia juu hadi chini. Mlango wake wa juu, kwa kawaida, ni mpana zaidi kutoka ubavu hadi ubavu, kama sentimita 13, na ni mfupi kutoka mbele kwenda nyuma, kama sentimita 11. Mlango wa chini ni kinyume chake: urefu mkubwa zaidi unatoka mbele kwenda nyuma. Kwa hiyo kichwa cha mtoto, ambacho nacho ni kirefu kuliko kilivyo kipana, huingia kikiwa kimetazama ubavuni, kisha hugeuka kadiri kinavyoshuka, hadi kisogo kikae chini ya mfupa wa kinena wa mama na uso uelekee mgongo wake. Mtu akishauelewa mzunguko huu mmoja, ataona kwamba mkao wa mtoto katika wiki ya 37 ni mahali pa kuanzia safari tu, na kwamba sehemu kubwa ya kugeuka hufanyika wakati uchungu umekwisha kuanza.

Kwa nini watoto walio wengi huishia kichwa chini? Maelezo yanayokubalika zaidi yanahusu umbo la mji wa mimba, ambao ni mpana juu na mwembamba chini. Mtoto anapokua, matako yake pamoja na miguu aliyoikunja huchukua nafasi kubwa kuliko kichwa, na kwa kuwa anapiga mateke na kujinyoosha kila siku, hatimaye hujikuta ameiweka sehemu kubwa mahali penye nafasi na sehemu ndogo mahali pembamba. Jambo hili huchukua muda. Katika wiki ya 28, mtoto mmoja kati ya wanne au watano bado huwa ametanguliza matako. Mimba inapotimia, waliobaki hivyo ni asilimia 3 hadi 4 tu. Hesabu hizo mbili zikisomwa pamoja zinaondoa hofu nyingi: picha ya ultrasaundi iliyopigwa mwezi wa saba ikionyesha matako chini haitabiri kitu chochote cha uhakika, na mama hapaswi kupewa hukumu ya upasuaji kwa kutegemea picha hiyo.

Ndiyo maana uchunguzi wenye uzito kuhusu mkao hufanyika kuanzia wiki ya 36. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza mama aonane na mhudumu wa afya angalau mara nane katika ujauzito, na mara nne za mwisho ni wiki ya 34, 36, 38 na 40. Hudhurio la wiki ya 36 ndilo ambalo, kwa maoni yangu, mama hapaswi kulikosa kwa sababu yoyote inayoepukika, kwa kuwa mtoto aliyetanguliza matako akigunduliwa siku hiyo bado kuna muda wa kuchagua njia. Akigunduliwa mlango wa kizazi ukiwa umekwisha kufunguka, uchaguzi unakuwa umepungua mno.

Uchunguzi wenyewe huanza kwa mikono. Hatua nne zinazofundishwa hadi leo katika vyuo vya ukunga zimepewa jina la daktari Mjerumani Christian Leopold, aliyezieleza mwishoni mwa karne ya 19. Mkunga hushika sehemu ya juu ya tumbo kujua kilichopo huko, kisha hupapasa pande zote mbili akitafuta mgongo ambao ni mgumu na sawasawa kwa mfululizo, tofauti na upande wa mikono na miguu wenye vijinundu vinavyosogea. Baadaye hushika sehemu ya chini juu ya kinena, na mwisho hugeuka kutazama miguu ya mama ili apime kichwa kimezama kiasi gani. Kichwa ni cha mviringo, kigumu, na kikisukumwa hucheza peke yake bila kuuvuta mwili. Matako ni laini zaidi, na yakisukumwa mwili wote husogea nayo. Mapigo ya moyo nayo hutoa ushahidi: mtoto aliyelala kichwa chini husikika vizuri chini ya kitovu cha mama, ilhali aliyetanguliza matako mara nyingi husikika usawa wa kitovu au juu yake. Mikono yenye uzoefu hupatia mara nyingi, lakini pia hukosea, hasa kwa mama mwenye unene au mwenye maji mengi ya uzazi. Kwa hiyo shaka yoyote katika wiki za mwisho huthibitishwa kwa ultrasaundi.

Mama mwenyewe ana dalili anazoweza kuzisoma, ingawa hazitoshi kuwa uthibitisho. Mateke yenye nguvu chini ya mbavu, pamoja na kwikwi za mtoto zinazosikika chini karibu na kinena, huashiria kichwa kiko chini. Uvimbe mgumu wa mviringo unaobana chini ya mbavu na mateke yanayogonga kibofu huashiria kinyume chake. Kitovu kinachobonyea na mateke yanayosikika mbele, katikati ya tumbo, mara nyingi humaanisha mgongo wa mtoto umeelekea mgongo wa mama. Kondo la nyuma likiwa limejishikiza ukuta wa mbele, hisia zote hizi hufifia na kumpotosha mama. Kuna jambo moja ambalo halihusiani na mkao wowote ule: si kweli kwamba mtoto hupunguza kucheza mwishoni kwa kukosa nafasi. Namna ya kucheza hubadilika, mizunguko mikubwa ikawa misukumo na kujinyoosha, lakini mtoto aliyepunguza kucheza kuliko kawaida yake anahitaji kuangaliwa hospitalini siku hiyohiyo.

Kushuka kwa kichwa huhesabiwa kwa sehemu za tano. Mkunga anayesema kichwa kiko tano ya tano anamaanisha kwamba kichwa chote bado kinashikika juu ya kinena; kikibaki mbili ya tano au pungufu, kimekwisha kuingia katika nyonga. Kwa mimba ya kwanza hali hiyo mara nyingi hutokea wiki kadhaa kabla ya uchungu, na mama huanza kupumua kwa urahisi huku akienda haja ndogo mara kwa mara. Kwa aliyewahi kuzaa, kichwa kinaweza kubaki juu hadi siku yenyewe ya kujifungua bila kuwa na kasoro yoyote.

Sasa nije kwa mtoto aliye kichwa chini lakini kisogo chake kimelalia uti wa mgongo wa mama. Hali hii ni ya kawaida kuliko wengi wanavyodhani: wakati uchungu unapoanza, watoto kati ya asilimia 15 na 30 huwa hivyo, lakini wanaozaliwa wakiwa bado hivyo ni takriban asilimia 5 tu. Waliobaki hugeuka njiani. Ni kweli kwamba uchungu wa namna hii unaweza kuwa mrefu, ukiambatana na maumivu makali ya kiuno, kwa sababu mtoto huyu mara nyingi hakunji shingo vizuri na kichwa chake huleta kipimo kikubwa zaidi. Ni kweli pia kwamba wasiogeuka huhitaji zaidi kusaidiwa kwa vifaa au kwa upasuaji. Lakini kumwambia mama wa wiki ya 36 kwamba atajifungua kwa shida kwa sababu mtoto anatazama mbele ni kumtisha kwa jambo ambalo wengi hawatalifikia.

Hapa ndipo ushauri usio na msingi ulipojaa zaidi. Mama huambiwa apige magoti na mikono sakafuni kila siku, asiegemee kiti, asilale chali kamwe ili mtoto ageuke. Jaribio kubwa lililofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2004, likihusisha wanawake zaidi ya 2,500, lilipima zoezi la kupiga magoti na mikono kwa dakika 10 mara mbili kwa siku kuanzia wiki ya 37. Walioshiriki zoezi hilo hawakuwa na watoto wachache zaidi waliozaliwa wakitazama mbele kuliko waliotembea tu kila siku. Mkao huo haumdhuru mama, na wakati wa uchungu wenyewe hupunguza maumivu ya mgongo kwa wengi, kwa hiyo anayeuona unamstarehesha autumie. Asijilaumu tu mtoto asipogeuka. Kuhusu kulala, ushauri wa kulala ubavu kuanzia wiki ya 28 ni wa kweli na unafaa kufuatwa, ila sababu yake ni mzunguko wa damu kwenda kwa mtoto, kwa maana mji mzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa wa damu mama anapolala chali. Hauna uhusiano na kumgeuza mtoto.

Mtoto aliyetanguliza matako baada ya wiki ya 36 ni suala jingine. Baadhi yao wana sababu inayoonekana: kondo la nyuma limekaa chini na kuziba njia, kuna uvimbe wa fibroidi, mji wa mimba una umbo lisilo la kawaida, maji ya uzazi ni mengi mno au machache mno, ni mapacha, au mtoto mwenyewe ana kasoro inayomzuia kujigeuza. Kwa wengine wengi hakuna sababu inayopatikana, na hakuna alichokifanya mama kilichomweka mtoto hivyo. Namna ya kukaa pia hutofautiana. Wengi hukunja nyonga na kunyoosha magoti hadi miguu ikafika karibu na uso. Wengine hukaa wamekunja magoti kama wamechutama. Wachache huteremsha mguu mmoja au yote miwili. Kundi hili la mwisho ndilo la hatari zaidi, kwa sababu miguu haizibi mlango wa kizazi, na chupa ikipasuka kamba ya kitovu inaweza kuteleza na kutoka kabla ya mtoto.

Njia ya kwanza inayopaswa kuzungumzwa na mama huyu ni kumgeuza mtoto kwa nje. Kazi hii hufanywa hospitalini, kwa kawaida kuanzia wiki ya 36 kwa mimba ya kwanza na wiki ya 37 kwa aliyekwisha kuzaa. Mama huchomwa dawa ya kulegeza misuli ya mji wa mimba, mapigo ya moyo ya mtoto hupimwa kabla na baada, kisha daktari au mkunga aliyefunzwa huyainua matako kutoka katika nyonga na kumsukuma mtoto taratibu apige kichwachembe ndani ya maji yake. Hufanikiwa kwa takriban nusu ya kina mama, na zaidi kwa waliowahi kuzaa. Wanaogeuka, ni chini ya asilimia 5 wanaorudia mkao wa awali. Huwa haistareheshi, na kwa baadhi inauma, lakini mama anaweza kusema basi wakati wowote. Takriban mmoja kati ya 200 huhitaji upasuaji wa dharura kwa sababu mapigo ya mtoto yamebadilika au kumetokea damu, na hiyo ndiyo sababu kazi hii haifanywi mahali pasipo na chumba cha upasuaji kilicho tayari. Haifai kabisa pale kondo linapoziba njia, damu imeanza kutoka, au chupa imekwisha kupasuka. Mama mwenye damu ya kundi hasi hupewa sindano ya kinga, kwa kuwa damu ya mtoto inaweza kuchanganyika na yake. Kutokana na hayo yote inaeleweka kwa nini kukandwa tumbo kwa nguvu na mtu asiye na mafunzo, asiyesikiliza moyo wa mtoto na asiyejua kondo liko wapi, ni hatari isiyokubalika hata kama mkono wake ni wa upendo.

Mtoto akikataa kugeuka, swali la namna ya kujifungua limekuwa na historia yenye mabishano. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi 26 likihusisha wanawake zaidi ya 2,000. Lilionyesha kwamba vifo na madhara makubwa kwa watoto vilikuwa asilimia 1.6 pale upasuaji ulipopangwa, na asilimia 5 pale uzazi wa kawaida ulipopangwa. Hospitali nyingi duniani zilibadilisha utaratibu karibu mara moja. Watoto hao walipofuatiliwa hadi umri wa miaka miwili, matokeo ya mwaka 2004 hayakuonyesha tofauti ya vifo na ukuaji wa ubongo kati ya makundi hayo mawili. Mwaka 2006 utafiti wa Ufaransa na Ubelgiji ulionyesha kwamba, kina mama wakichaguliwa kwa uangalifu na wahudumu wakiwa na ujuzi, tofauti kubwa haionekani. Ninavyoona, kinachoamua ni nani atakayekuwa chumbani siku hiyo. Kuzalisha matako kunahitaji mikono iliyozoea, na ujuzi huo umepungua kwa kuwa watoto hao sasa huzaliwa zaidi kwa upasuaji. Mama ana haki ya kuuliza moja kwa moja kama hospitali yake inao, na upasuaji unaopendekezwa kwa sababu ujuzi huo haupo ni uamuzi wa busara, mradi aelezwe pia kwamba kovu lake litaathiri mimba zijazo.

Kuhusu mtoto aliyekingama, hakuna mabishano. Mtoto aliyetimiza miezi hawezi kuzaliwa akiwa hivyo kwa njia ya kawaida, na uchungu ukiendelea mji wa mimba unaweza kupasuka. Hali hii huwapata zaidi waliozaa mara nyingi, ambao misuli ya tumbo imelegea, na kwa baadhi yao mtoto hubadilika leo kichwa chini, kesho kukingama. Mama wa namna hii mara nyingi hushauriwa kulazwa kuanzia wiki ya 37 au kukaa karibu na hospitali. Chupa ikipasuka, anapaswa kwenda mara moja, hata kama hasikii uchungu. Akiona au kuhisi kamba ya kitovu imetoka, asiirudishe ndani: apige magoti, ainamishe kichwa na kifua chini na kuinua makalio juu ili uzito wa mtoto usiibane kamba, abaki hivyo hadi msaada ufike, na apelekwe hospitalini kwa haraka yote inayowezekana.

Mkao wa matako huacha pia jambo la kufuatilia baada ya kuzaliwa, kwa njia yoyote ile mtoto atakayozaliwa. Kukaa wiki nyingi na nyonga zilizokunjwa na magoti yaliyonyooka huongeza uwezekano wa kiungo cha nyonga kutokukaa sawasawa katika tundu lake, na wasichana huathirika zaidi kuliko wavulana. Kasoro hiyo haimwumizi mtoto mchanga, kwa hiyo haionekani kwa macho hadi aanze kutembea akichechemea, wakati ambapo matibabu yamekwisha kuwa magumu. Ikigunduliwa katika wiki za mwanzo, mara nyingi hutibiwa kwa mikanda maalumu inayoshikilia miguu katika mkao unaofaa, bila upasuaji. Kwa hiyo mama ambaye mtoto wake alikuwa ametanguliza matako katika wiki ya 36 au baada yake, hata kama aligeuka baadaye na kuzaliwa kichwa kwanza, anapaswa kumtajia jambo hilo mhudumu anayemchunguza mtoto, na kuomba nyonga zipimwe kwa ultrasaundi mtoto akiwa na umri wa kama wiki sita.